Saini Kumi na Tisa za Mkono Mmoja

Salome aliniomba ukurasa mmoja tu. Alinipigia wiki ya pili baada ya ofisi kuniaga nikistaafu, akasema waajiriwa wapya wa ofisini wanaandika kwenye kishikwambi kama kuku waliomwagiwa mtama, na kwamba kabla sijawasahau niwaandikie namna ya kufanya mwandiko utoke kama wa karatasini. Nilimwambia ukurasa mmoja hautoshi. Akasema, "Basi andika miwili, Mzee, ila usianzie enzi za Mjerumani." Sitaanzia kwa Mjerumani. Nitaanzia kwa Mzee Kiliani.

Nashukuru kwa saa ya ukutani mliyonipa. Inakwenda vizuri, ila hapa nyumbani hakuna anayejali nimeamka saa ngapi, kwa hiyo tumeitundika upande wa kuku. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayetaka kujua nililipwaje aje aone baiskeli yangu.

Niliingia kazini nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, katika chumba cha wachora ramani cha ofisi ya ardhi. Kilikuwa na meza mbili kubwa zilizoinama, dirisha moja, na Mzee Kiliani. Alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, mfupi, mkimya, mwenye shati lililonyooshwa hata kola ya ndani. Siku hizo ramani ziliandikwa kwa mkono: mipaka, mito, namba za viwanja, majina ya vijiji, vyote kwa kalamu za wino zenye ncha kama sindano, juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Ukikosea hufuti. Unachukua wembe, unakwangua wino taratibu, kisha unasugua pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Nimekwangua sana mwaka ule wa kwanza.

Joto la bonde mnalijua. Asubuhi yangu ya kwanza nilipewa kuandika jina la kijiji kimoja, nikalaza mkono juu ya karatasi, na nilipounyanyua nusu ya jina ilikuwa imehamia kwenye kiganja. Mzee Kiliani alitazama, hakupandisha sauti. "Jasho lako halijaombwa kwenye ramani hii," alisema. Akanipa kipande cha kitambaa cheupe niweke chini ya mkono, na nilitembea na kitambaa cha namna hiyo mpaka siku ya mwisho.

Kisha akanifundisha kuandika upya, mimi niliyekuwa nimemaliza sekondari. Kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla ya chai, alisimama nyuma yangu, akaufunika mkono wangu kwa wake, tukaandika pamoja. Herufi M, siku nzima. Kesho yake R. Mkono wake ulinukia sabuni ya mche na tumbaku. Mwanzoni niliona aibu kushikwa mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini baada ya mwezi mmoja mwandiko wangu na wake haukutofautishwa na mtu yeyote pale ofisini, hata yeye mwenyewe alinisifia kazi moja ambayo baadaye tuligundua ni yake. Nilimpenda mzee yule. Alipostaafu nililia nyuma ya kabati la majalada, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo leo.

Kutoka hapo ilipita miaka mingi nikiandika majina ya watu na ya mahali. Tulikwenda kila upande. Mwaka mmoja wa mafuriko tulivuka kwenda Malinyi kwa mtumbwi, nimekumbatia bomba la ramani ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba kichanga. Ramani zilifika kavu. Mwenzangu aliyebeba chakula aliteleza wakati wa kushuka, tukaishi siku mbili kwa mihogo ya kuombaomba.

Halafu kompyuta zikaja, na mashine ikawa inaandika majina yote kwa herufi moja isiyotoka jasho. Kalamu zangu niliziosha, nikazifunga kwenye gazeti. Nilihamishiwa masijala, nikaandika majina kwenye migongo ya majalada kwa kalamu nene. Sikulalamika, lakini mkono ulikuwa na njaa.

Kwa hiyo, zamu ya vishikwambi ilipofika miaka hii ya karibuni, nilifurahi kuliko vijana. Kazi ilikuwa ya kupima mashamba vijijini ili wenyeji wapate hati za kimila. Kila mmiliki anasaini juu ya kioo, na ofisa anaandika jina lake na maoni yake pembeni kwa mkono. Nilijitolea mbele ya kikao. Nilimwambia mkuu wa timu kwamba mambo ya mwandiko waniachie mimi.

Salome ndiye aliyenifundisha kuwasha kishikwambi. Ni binti wa Namawala, mpimaji, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Nilishika ile kalamu isiyo na wino, nikaandika jina langu kwa madaha, kisha tukalitazama wote wawili. Lilikuwa limepinda, limekatika mara tatu, na mwishoni kulikuwa na doa kama la mtu aliyesinzia. Salome alijikaza, kisha akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Pole, Mzee," alisema akifuta macho. "Ndiyo kinavyokuwa kwa kila mtu."

Mimi sikuwa kila mtu, au ndivyo nilivyojiona. Nilikichukua kile kishikwambi nyumbani mwisho wa wiki. Yafuatayo ndiyo niliyoyagundua, na ndiyo hasa Salome aliyoyaomba.

Ubaya wa kwanza ni kwamba kioo kinateleza. Karatasi inaikamata kalamu kidogo, inaizuia, na katika kuzuiwa kule ndipo herufi inapata umbo lake. Nenda kwa fundi simu yeyote, umwambie akubandikie protekta isiyong'aa, ile yenye ukavu kidogo ukiipitishia kidole. Wangu pale karibu na stendi aliniuliza kama napenda yenye maua. Ubaya wa pili ni wembamba wa kalamu. Mkono unaibana, vidole vinakakamaa, mstari unatetemeka. Mimi niliizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli ikanenepa kama kalamu za zamani, na mkono ukalegea.

Kisha kuna kiganja. Kishikwambi hakijui kipi ni kalamu na kipi ni upande wa mkono wako, kwa hiyo ukijilaza unachora doa, na ukiogopa kujilaza unaandika mkono ukiwa hewani kama mtu anayepaka rangi dari. Nilichukua soksi ya mjukuu, nikaikata matundu ya kidole gumba na vidole viwili vya kuandikia, nikaivaa. Mke wangu alinitazama akarudi jikoni. Lakini soksi ilifanya kazi, nami nikawa nimerudi kwenye kitambaa cha Mzee Kiliani.

Andika kwa ukubwa, ukitumia kiwiko na siyo vidole peke yake, halafu uache mashine yenyewe iupunguze mwandiko. Wino wa kioo huchelewa nyuma ya kalamu kidogo sana. Usiutazame, tazama unakokwenda. Usiandike polepole kwa kuogopa, maana hapo unachora, huandiki, na mtu ataona. Usirudi kusahihisha kila herufi. Kwenye karatasi hakuna herufi a mbili zilizofanana kama mapacha.

Mwisho ni ile setingi ya kulainisha mistari. Ipo ndani kidogo, Salome atawaonyesha. Ukiipandisha hadi juu, mashine inanyoosha kila unachoandika, na mwandiko wako unakuwa kama kibao cha duka la dawa. Ukiishusha kabisa, kila mtetemo unaonekana. Mimi niliiweka katikati. Kwa ukweli niliiweka juu kidogo ya katikati, kwa sababu mkono wangu wa sasa si ule wa zamani na sikupenda mashine iwaambie watu.

Baada ya mwezi mmoja niliandika jina langu, Salome akalikuza kwenye kioo, akasema linaonekana limeandikwa kwa wino halisi. Nilivimba kichwa. Na kichwa hicho hicho nilikibeba kwenda kijijini.

Kijiji chenyewe kiko njia ya Mlimba, si mbali na Mchombe. Tulipanga meza na viti viwili mbele ya ofisi ya kijiji na watu wakapanga foleni. Vijana hawakuwa na shida, walipiga mkwaruzo mmoja wakaenda zao. Shida ilikuja kwa wazee. Wengi wao walijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na pale walifundishwa kuandika silabi moja, kunyanyua kalamu, kuitamka, kisha kuandika inayofuata. Hivyo ndivyo wanavyoandika mpaka leo. Sasa programu yetu ilikuwa na tabia yake: kalamu ikinyanyuliwa kwa sekunde mbili, inahesabu kwamba umemaliza, inafunga kisanduku na kuhifadhi. Mzee wa kwanza aliandika *To*, akanyanyua kalamu, akatamka "To," na kabla hajafika kwenye *bi* kisanduku kikafungwa. Tulirudia mara tano. Mara ya tano hakutamka tena. Alirudisha kalamu mezani, akaangalia miguu yake.

"Tuweke tu kidole, Mzee," Salome alininong'oneza. "Programu inakubali picha ya dole gumba."

Aliyekuwa anafuata kwenye foleni alisikia. Alikuwa mama mmoja mrefu, mwembamba, wa miaka themanini hivi, amejifunga kitenge kiunoni na kubeba fimbo ambayo hakuitegemea sana. Jina lake Apolonia Likwembe, mjane, mwenye ekari tatu za mpunga bondeni.

"Mimi kidole sitaki," alisema. "Leo naandika."

Nikamwonea huruma, na wenzake wote pia. Nawaambia hili kwa sababu huenda mkadhani nilifanya kwa uvivu. Nilifanya kwa huruma, na kwa majivuno. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamsogezea meza, nikasimama nyuma yake, nikaufunika mkono wake kwa wangu kama nilivyofunikwa mimi, tukaandika jina lake mfululizo bila kunyanyua kalamu. Katikati aliuliza, "Baba, mbona mkono unaenda wenyewe?"

"Twende tu, mama," nilimjibu.

Jina lilitoka zuri sana. Alilitazama kwa muda, akasema, "Haya," akashika fimbo yake akaondoka. Ile haya niliihesabu kuwa asante. Nikamwita mzee wa *To*, nikamshika mkono naye. Kwa siku tatu nilishika mikono kumi na tisa. Jioni ya mwisho niliwaambia vijana wa timu kwamba hivyo ndivyo wananchi wanavyohudumiwa.

Wiki ileile, kama taratibu zinavyotaka, orodha ya mashamba ilichapishwa pamoja na saini za wenyewe na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, ili mwenye pingamizi aseme. Jumatano iliyofuata mtendaji wa kijiji alinipigia simu.

"Bwana ardhi, kuna neno hapa," alisema. "Bosco ameweka pingamizi kwenye shamba la Mama Apolonia."

Bosco ni mtoto wa mdogo wa marehemu mume wake, mtu wa makamo, mkulima, ndiye anayesimamia mambo ya ukoo. Alikuwa akitaka shamba liandikwe kwa jina lake kama mkubwa wa familia. Pingamizi lake lilikuwa jepesi na lilikuwa na akili. Alisema tangu baba yake mkubwa afariki, karatasi zote mama mkubwa ameweka kidole. Leo imekuwaje aandike vizuri namna hii, tena jina lake na majina ya wazee wengine kumi na nane yawe yametoka mkono mmoja? Mtu amewasainia. Na kama mtu amemsainia, basi hajakubali lolote, shamba libaki kwa ukoo.

Nilikwenda kwenye kabati, nikatoa nakala yetu ya ile orodha. Kwa kweli hata mtoto angeona. Kulikuwa na M za Mzee Kiliani kuanzia juu hadi chini. Nilikuwa nimezitazama siku zote tatu nikiwa naona uzuri tu.

Mtendaji aliniambia kamati ya uhakiki ya kijiji itakaa Ijumaa. Timu yetu ilikuwa inahama Jumatatu kwenda kijiji kingine. Shamba lisilomaliza pingamizi kufikia hapo lingeandikwa lina mgogoro na kuachwa nje, na kila mtu alijua kwamba likiachwa nje mikononi mwa Bosco, mama yule atakufa akiomba ruhusa ya kulima ekari zake mwenyewe.

Nami nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Kumwandikia mtu saini si jambo dogo, mnajua jina lake kisheria. Nililiwaza usiku mzima, na siwafichi kwamba nilitafuta mlango wa kutokea. Nilifikiri kusema ni ile setingi ya kulainisha, kwamba mashine ndiyo inayofananisha miandiko. Ingekubalika. Wanakamati hawajui mashine. Asubuhi nilimjaribia Salome maneno hayo, kana kwamba natania.

Hakucheka. "Mzee," alisema, "ukisema hivyo, wewe utapona. Yeye je?"

Ukiisingizia mashine, saini ya mama inabaki ya mashaka, na shamba linakwenda. Hapo hapakuwa na pa kupitia katikati.

Tulifanya kazi siku nzima ya Alhamisi. Salome alimpigia kijana aliyetengeneza programu, akamwomba aondoe zile sekunde mbili, aweke kitufe cha Hifadhi ambacho mtu atabonyeza mwenyewe. Kijana alisema watumiaji hawajawahi kulalamika. Salome akamwambia anaowajua ni wale wanaomaliza jina kwa sekunde mbili. Jioni alituletea programu mpya. Tulikilaza kishikwambi kwa upana, tukakuza kisanduku kikajaza kioo chote. Setingi ya kulainisha tuliishusha mpaka chini kabisa, mtetemo na uonekane. Nikabadilisha mpira wa tyubu kwenye kalamu na kufua ile soksi.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kikao, nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta mchele uani. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikamwambia yote: kwamba saini iliyobandikwa si yake, ni yangu, na kwa sababu hiyo shamba linayumba.

"Kwani si yako?" aliniuliza. "Mimi najua ni yako. Mkono wangu naujua."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuambia mkono unaenda wenyewe. Ukasema twende."

Nilikuwa nimekuja na maelekezo yangu yote, kiwiko, kasi, mahali pa kutazama, na nilishafungua mdomo kuanza kumfundisha. Nikaufunga. Badala yake nilimuuliza jambo ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: alijifunza kuandika wapi, na alikuwa amekaaje.

Akaacha ungo. Alisema walikaa chini, juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, ubao mapajani, maana darasani hakukuwa na meza. Mwalimu alikuwa mke wa katekista. Mama Apolonia mwenyewe alikuwa akimnyonyesha mtoto wake wa tatu na kuandika kwa wakati mmoja. "Meza yako ile," alisema, "ilinipandisha mabega juu. Sijawahi kuandikia juu ya meza."

Kamati ilikaa barazani mwa ofisi ya kijiji, watu saba, na nyuma yao nusu ya kijiji. Bosco alikuwa amevaa shati la kanisani. Mwenyekiti alisoma pingamizi, kisha akaniuliza kama ofisi ina la kusema. Nilisimama.

"Bosco amesema kweli," nilisema. "Saini zile zimetoka mkono mmoja, na mkono huo ni huu. Sikuwasainia kwa siri. Niliwashika mikono, nikidhani nawasaidia, na nikawaandikia wao mwandiko wangu. Kosa ni langu, si lao."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo bwana ardhi ndiye mwenye mashamba kumi na tisa." Watu walicheka, nami nikastahili kuchekwa. Mwenyekiti hakucheka. Aliniambia kuhusu hilo la kwangu ataiandikia ofisi yetu, na kweli aliandika, na barua ya onyo iko kwenye jalada langu. Kisha akasema swali la leo ni moja: mama anaandika au haandiki.

Mtendaji alitoa kitabu cha mihtasari cha zamani, mchwa walishakula jalada lake, akafungua ukurasa ambao serikali ya kijiji iliwagawia Mama Apolonia na mumewe zile ekari tatu. Chini palikuwa na majina ya waliopokea. La mume lilikuwa limefifia. La mke lilionekana wazi, herufi kubwa kubwa zilizoachana, mstari ukipanda kwenda juu upande wa kulia.

Salome alitandika mkeka. Mama Apolonia alikaa, akanyoosha miguu, akakipokea kishikwambi mapajani. Nilimpa soksi, akaicheka, akaivaa. Nilimpa kalamu. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu, kwa sababu sikujiamini.

"A," alisema, akaandika. Akanyanyua kalamu. "Po." Kisanduku hakikufunga. Kila mtu alikuwa amesogea. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, hajui kinachoendelea, alisimama njiani akasema, "Shikamoo, bibi," na Mama Apolonia akaacha kuandika, akainua uso, akaitikia marahaba, akamuuliza hali ya mtoto wake aliyekuwa akiumwa. Akaambiwa amepata nafuu. Akarudi kwenye kioo. "Lo," alisema.

Sijawahi kuona jina likichukua muda ule. Mistari ilitetemeka. Kwenye *ni* kalamu ilirudi nyuma ikapita mara mbili. Mikono yangu iliniwasha, wallahi, niliishika mmoja kwa mwingine nyuma ya mgongo kama mfungwa. Alipomaliza *Likwembe* mstari ulikuwa umepanda mpaka karibu kutoka nje ya kioo.

"Nabonyeza wapi?" aliuliza.

Salome alimwonyesha kitufe, akabonyeza mwenyewe.

Mwenyekiti alikiweka kishikwambi kando ya kile kitabu, akawaita wanakamati mmoja mmoja, halafu akamwita Bosco. Bosco aliinama. Alitazama kitabu, akatazama kioo, akarudi kwenye kitabu. Umri ulikuwa umeongeza mtetemo, lakini herufi zilikuwa zimeachana vilevile, na mstari ulipanda vilevile. Nilimwona usoni kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamini alichokisema.

"Ni wake," alisema. Kisha akamgeukia. "Mama mkubwa, mimi sikujua unaandika."

Mama Apolonia alikuwa bado amekaa mkekani, anaivua soksi kidole kimoja kimoja.

"Utajuaje, mwanangu?" alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Tangu tumzike baba yako mkubwa, kila karatasi unaniletea pamoja na pedi ya wino. Ukifika unanishika dole, unalikandamiza, unaondoka. Hujawahi kuniletea kalamu."

Bosco alikaa chini, pale pale kwenye ukingo wa baraza. Mwenyekiti aliandika kwamba pingamizi limeondolewa na shamba ni la Apolonia Likwembe, akamtaka Bosco asaini kwamba amesikia, na Bosco akasaini.

Watu walikuwa wameanza kuwa na maneno mengi, lakini mimi sikuyasikia. Nilikuwa bado nasikia lile moja. Mimi kalamu nilimletea, ila sikuwahi kuiachia. Aliponirudishia ile soksi machozi yalikuwa karibu, nikajifanya naangalia chaji ya kishikwambi.

Zilibaki nyumba kumi na nane za kusainishwa upya, na siku mbili kabla ya kuhama. Tulianza mchana huohuo, na ya kwanza ilikuwa ya yule mzee wa *To*. Nilibisha hodi, nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamuuliza anapenda kukaa wapi. Alichagua kizingiti cha mlango. Nikakaa chini mbele yake, nikampa kalamu, nikakalia mikono yangu.